Mgeni Mpe Jembe: Njaa, Stoo za Jamii na Heshima ya Mtu Mjini Birmingham



Jioni hii nazungumza nanyi kuhusu chakula. Katika ukumbi huu wamo waliofika Birmingham kutoka Bukavu na Bujumbura, kutoka Mombasa na Barawa, kutoka Unguja, Kampala na Kigoma. Tulipokuja tulijua kwamba Uingereza itatusumbua kwa baridi, kwa makaratasi na kwa upweke. Njaa hatukuitia kwenye hesabu. Tuliamini tumeiacha kwenye nchi za ukame na vita.

Njaa ipo hapa, na wengine wetu tunaijua kwa sura. Nakusudia tuitazame bila kuona haya, tuone inatengenezwa vipi na inajibiwa vipi katika jiji hili. Jambo ninalotaka kulitetea ni moja. Namna chakula kinavyotolewa ina uzito sawa na chakula chenyewe. Mwenye njaa anahitaji kushiba, ndiyo. Lakini anahitaji pia kuchagua anachokula, na kupata nafasi ya kutoa kama anavyopokea. Msaada unaomnyima hayo mawili unalijaza tumbo huku ukimpunguzia mtu utu wake.

Njaa katika jiji la viwanda

Birmingham ni jiji la pili kwa ukubwa Uingereza. Sensa ya mwaka 2021 ilihesabu wakazi zaidi ya 1,140,000. Katika karne ya 19 hapa ndipo vilipotengenezwa vitu vya chuma vilivyouzwa dunia nzima, kuanzia kalamu na vifungo hadi bunduki. Kati ya mwaka 1873 na 1876 meya wake alikuwa Joseph Chamberlain, ambaye aliifanya halmashauri inunue kampuni za gesi na maji ziwe mali ya wananchi, akaanza kubomoa makazi duni katikati ya jiji. Watu wetu walimwona baadaye akiwa na kofia nyingine: Desemba 1902, akiwa Waziri wa Makoloni, alipita Mombasa na kupanda reli kwenda bara. Nyumbani kwake aliamini kwamba halmashauri ina wajibu wa kumwondolea mkazi wake dhiki. Kwetu alikuja kama mtawala.

Halmashauri hiyohiyo, tarehe 5 Septemba 2023, ilitangaza rasmi kwamba haina fedha za kukidhi matumizi yake. Ilikuwa imeelemewa na madai ya wafanyakazi wanawake waliokuwa wakilipwa chini ya haki yao kwa miaka mingi, pamoja na mfumo mpya wa kompyuta uliogharimu fedha nyingi na kushindwa kazi, huku ruzuku ya Serikali Kuu ikiwa imepungua mwaka hata mwaka. London ikaleta makamishna wa kuisimamia. Aprili 2024 kodi ya halmashauri ilipanda kwa karibu asilimia 10, na huduma zikapunguzwa: vijana, maktaba, msaada kwa familia. Kwa hiyo mkazi maskini alilipa zaidi na kupata pungufu.

Kazi nazo zilikuwa zimeshaondoka. Kiwanda cha magari cha Longbridge kilipofungwa Aprili 2005, watu wapatao 6,000 walipoteza ajira kwa mkupuo. Kazi zilizokuja baadaye nyingi ni za ghala, usafi, udereva wa kupeleka vyakula na uangalizi wa wazee, na nyingi kati ya hizo hazina uhakika wa saa. Leo, ukishaondoa gharama za nyumba, karibu nusu ya watoto wa Birmingham wanaishi katika umaskini. Katika eneo la Ladywood, hatua chache tu kutoka kwenye minara ya benki na hoteli, hali ni mbaya kuliko karibu kila mahali nchini.

Njaa hii haitokani na uhaba wa chakula. Kaya za Uingereza hutupa takriban tani milioni 6 za chakula kila mwaka. Mvua imenyesha, mashamba yamezaa, rafu za supamaketi zimejaa. Kinachokosekana ni pesa mkononi mwa mnunuzi. Machi 2023 bei za vyakula zilikuwa zimepanda kwa zaidi ya asilimia 19 ndani ya mwaka mmoja, kiwango ambacho hakikuwa kimeonekana kwa zaidi ya miaka 40. Mishahara haikupanda hivyo, na kodi ya nyumba haikumngoja mtu.

Jinsi karatasi inavyozaa njaa

Niwape hesabu ndogo ambayo wengi hapa wameipitia. Mwombaji hifadhi anayeishi kwenye nyumba aliyopewa na serikali hupata pauni 49.18 kwa wiki, kiwango kilichowekwa mwaka 2024. Hiyo ni kama pauni 7 kwa siku, na ndani yake mna chakula, sabuni, nguo, simu na nauli. Kufanya kazi haruhusiwi. Baada ya kusubiri miezi 12 anaweza kuomba ruhusa, tena kwa aina maalumu tu za kazi.

Siku ambayo maombi yake yanakubaliwa, furaha huingia nyumbani. Lakini kwa kuwa sasa ni mkimbizi halali, posho ya mwombaji inakatwa na nyumba inarudishwa. Kwa miaka mingi muda aliopewa kujipanga ulikuwa siku 28. Posho anayotakiwa kuiomba badala yake, iitwayo Universal Credit, huchukua wiki 5 kufika kwa mara ya kwanza, yaani siku 35. Basi hata yule aliyeharakisha, aliyejaza kila fomu bila kosa, alikuwa na wiki nzima isiyo na posho yoyote, na wengi walikuwa na wiki zaidi ya hiyo. Mtu anapata haki yake Jumatatu na kulala njaa kwa sababu ya haki hiyohiyo.

Kundi la pili ni la wenye viza za kazi. Mlango wa viza kwa wahudumu wa wazee ulifunguliwa Februari 2022, na Wakenya, Waganda na Wazimbabwe wengi waliuza mashamba na kukopa ili waje. Wengine walifika wakakuta saa za kazi walizoahidiwa hazipo. Viza zao zina sharti la kutotegemea fedha za umma, kwa hiyo hata wakikosa kazi hawawezi kuomba posho. Nawaomba mlishike jambo hili na kulipeleka nyumbani: chakula cha benki ya chakula au cha stoo ya jamii si fedha za umma. Ni msaada wa hisani. Kukipokea hakuvunji sharti la viza. Najua watu waliolala na watoto wenye njaa kwa kuogopa kwamba kopo moja la maharage lingeandikwa kwenye faili lao.

Milango mitatu

Mwenye njaa katika jiji hili anaweza kubisha hodi kwenye milango ya aina tatu, na kila mlango unamwuliza kitu tofauti.

Mlango wa kwanza ni benki ya chakula. Mtandao mkubwa kuliko yote ni wa Trussell, ulioanzishwa na mume na mke, Paddy na Carol Henderson. Awali waliwasaidia watoto wa Bulgaria. Mwaka 2000 wakaanza kugawa chakula mjini kwao Salisbury, wakitumia banda la bustanini. Leo mtandao huo umeenea nchi nzima, na katika mwaka wa 2023/24 uligawa vifurushi zaidi ya milioni 3.1, zaidi ya milioni moja vikienda kwa watoto. Kwa kawaida unahitaji vocha kutoka kwa mtu anayekufahamu kikazi: daktari, shule, afisa ustawi wa jamii au mshauri wa mambo ya madeni. Unapewa chakula cha dharura cha siku 3: tambi, supu ya kopo, maharage, nafaka za asubuhi, maziwa ya pakiti, majani ya chai. Ziko benki zinazofunga hata vifurushi visivyohitaji kupikwa, kwa ajili ya nyumba ambazo mita ya umeme ya kulipia kabla imekwisha tokeni.

Watu wanaoendesha kazi hii nawaheshimu sana. Wengi ni wastaafu wa makanisani wanaosimama kwa saa nyingi kwenye baridi, na hakuna mlango mwingine unaoweza kumpokea asiye na hata senti moja kwa haraka namna hiyo. Lakini mlango huu unamwuliza mtu ushahidi. Lazima kwanza amweleze mgeni dhiki yake, mgeni huyo aikubali na kuiandika. Kwa mwanamke aliyekwisha kuieleza hadithi yake kwa afisa wa uhamiaji, kwa wakili na kwa daktari, kuieleza tena ili apate mchele ni mzigo mzito.

Mlango wa pili ni stoo ya jamii. Mfano unaofahamika zaidi ulianza Stockport, karibu na Manchester, mwaka 2013, ukasambazwa kwa jina la Your Local Pantry kwa kushirikiana na shirika la Church Action on Poverty. Birmingham nayo ina stoo za namna hii, nyingi zikiwa kwenye kumbi za makanisa na vituo vya mtaa. Unajiandikisha kwa sababu unaishi mtaa huo. Unalipa ada ya pauni chache kila wiki unayokuja, na unaondoka na vyakula vyenye thamani mara kadhaa ya ada hiyo. Sehemu kubwa hutoka kwa mashirika kama FareShare, yanayokusanya chakula kizuri kilichozidi kwenye viwanda na maduka.

Tuingie ndani tuone. Meza ya kwanza ina daftari la wanachama na birika la chai. Rafu zimegawanywa kwa alama, na kila alama ina idadi ya vitu unavyoruhusiwa kuchukua: vingi upande wa makopo, vichache upande wa nyama, siagi na jibini, ili vya thamani vimfikie kila mtu. Kuna friza, kuna viazi na karoti kwenye kreti. Mama wa Kikongo ananusa nyanya na kuirudisha, anachukua nyingine. Anauliza kama unga wa mahindi umekuja wiki hii. Anaambiwa haujaja, ila kuna semolina. Anacheka, anasema itasongeka. Anasita kwenye biskuti, anakumbuka mtoto wake wa pili hapendi zile zenye zabibu. Dakika tano hizo za kusita ndizo kifurushi kilichofungwa tayari hakiwezi kuzitoa. Pale anakuwa mama anayefanya manunuzi ya nyumba yake.

Wapo wanaouliza kwa nini maskini atozwe ada hata kidogo. Swali ni la haki. Jibu la wanachama wenyewe huwa kwamba ada ndiyo inayowafanya waitwe wanachama. Anayelipa ana haki ya kulalamika mkate ukiwa mkavu, na ana haki ya kupiga kura kuhusu saa za kufungua. Hata hivyo ada isigeuzwe ukuta. Stoo yenye busara huwa na njia ya kimyakimya ya kumsamehe asiye nayo wiki hiyo, bila kumtangaza mbele ya foleni.

Kutoka Kericho hadi Soho Road

Mlango wa tatu hauulizi ushahidi wala ada, na historia yake inapita kwetu Afrika Mashariki.

Katika Soho Road, mtaa wa Handsworth, ipo gurdwara kubwa, yaani nyumba ya ibada ya Masingasinga, ya jumuiya ya Guru Nanak Nishkam Sewak Jatha. Jiko lake hutoa maelfu ya sahani kila wiki kwa yeyote anayeingia, Mwislamu, Mkristo au asiye na dini. Desturi hiyo, iitwayo langar, ilianzishwa Punjab na Guru Nanak, aliyeishi kati ya mwaka 1469 na 1539. Unavua viatu, unafunika kichwa, unanawa, unaketi sakafuni kwenye mstari na wengine. Unapewa sinia ya chuma yenye vishimo, unatiliwa dengu, mboga, chapati na kitu kitamu. Nyama hakuna, ili asiwepo wa kukataa chakula kwa ajili ya dini yake. Wote huketi chini, ili asiwepo wa kuketi juu ya mwenzake.

Mwanzilishi wa jumuiya hiyo, Baba Puran Singh, alizaliwa Punjab lakini aliishi miaka mingi Kericho, kwenye milima ya chai nchini Kenya, na hadi leo wafuasi wake humwita Kerichowale, kwa jina la mji ule. Alihamia Uingereza miaka ya 1970, wakati Wahindi wa Kenya na Uganda walipokuwa wakimiminika huku, akafariki mwaka 1983. Kiongozi aliyeshika nafasi hiyo mwaka 1995, Bhai Sahib Mohinder Singh, alizaliwa Uganda. Jumuiya haikuisahau Kericho pia. Imejenga huko gurdwara na chuo cha ufundi.

Aliyewahi kusafiri kwa barabara kati ya Mombasa na Nairobi anaijua desturi hii bila kulijua jina lake. Gurdwara ya Makindu, iliyojengwa mwaka 1926 na Masingasinga waliofanya kazi kwenye reli, huwapa wasafiri chai, chapati na dengu bila kuwauliza watokako. Madereva wa malori, wanafunzi waliokwama na familia zenye gari bovu wamekula hapo. Zaidi ya Wahindi 31,000 waliletwa kuijenga reli ile, na karibu 2,500 walikufa kwenye ujenzi. Waliobaki walikuwa wageni kwenye nchi ya wengine, na jibu lao kwa ugeni lilikuwa kufungua jiko. Na hapa Birmingham ndipo, Aprili 1968, mwanasiasa Enoch Powell aliposimama kwenye hoteli ya Midland akawatisha Waingereza kuhusu wahamiaji. Leo Mwingereza mwenye njaa anashuka Soho Road na kushibishwa na watoto wa wahamiaji haohao.

Ninachokipenda zaidi kwenye jiko lile ni kwamba hakuna mstari kati ya mpishi na mlaji. Aliyekula anaweza kunyanyuka akaosha masinia. Aliyeosha jana leo anasukuma chapati.

Jembe

Hapo ndipo ninaporudi kwenye methali yetu: mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Mwalimu Nyerere aliitumia mwaka 1962 katika andiko lake kuhusu Ujamaa, akieleza kwamba katika jamii zetu za zamani kila mtu alikuwa mfanyakazi. Wengi wetu tumezoea kuitumia kumsuta mgeni mvivu. Lakini jembe ndilo linalomwondoa mgeni kwenye ugeni. Anayelima shambani kwako hali tena chakula chako, mnakula chenu.

Nchi hii inampa mwombaji hifadhi siku mbili zinazodumu miaka, halafu inamnyima jembe. Kijana mwenye shahada ya uuguzi anaketi kwenye chumba cha hoteli akihesabu sahani anazoletewa, kisha magazeti yanamwita mzigo. Kumkataza mtu kufanya kazi na kumlaumu kwa kulishwa ni dhuluma, na sisi tuiite hivyo mchana kweupe.

Sheria inayowakataza waombaji hifadhi kufanya kazi ya mshahara haiwazuii kujitolea kwenye mashirika ya hisani, na hapo stoo ya jamii ina nafasi ambayo serikali imekataa kuichukua. Aliyekuja kupokea apewe funguo za friza, apewe daftari, apewe kazi ya kupanga mboga na kutafsiri kwa mgeni mpya. Atapata marafiki, atajifunza Kiingereza cha kweli cha mtaani, na ataweza kuomba barua ya kumshuhudia siku atakaporuhusiwa kutafuta kazi. Watoto wake watamwona akitoa.

Lakini nisieleweke kwamba stoo ndiyo dawa. Stoo inategemea chakula kilichozidi, na wiki ambayo hakikuzidi rafu huwa tupu. Inategemea watu wa kujitolea, nao huchoka. Zaidi ya yote, serikali ikiona watu wanakula, inaweza kudhani kazi yake imefanywa. Tukumbuke mfano ulio karibu. Kuanzia mwaka 2017 familia zilinyimwa posho kwa mtoto wa tatu na wanaofuata, na umaskini wa watoto ukaongezeka. Novemba 2025 serikali ilitangaza kuiondoa sheria hiyo kuanzia Aprili 2026. Kalamu moja ilifuta kile ambacho stoo zote za Birmingham zisingeweza kukifuta kwa miaka kumi. Njaa iliyoletwa na sheria huondolewa na sheria.

Tunachotakiwa kufanya

Kwa ndugu zangu wenye dhiki, msingoje mpaka siku ya mwisho. Aibu imetulaza njaa vya kutosha. Nenda ungali na pauni chache za ada, ujiandikishe, na useme wazi kwamba unaweza kufanya kazi Jumanne.

Kwa ndugu zangu mliojaaliwa, mnajua kuchanga. Tunachanga kwa arusi na kwa kusafirisha maiti, na tunachanga vizuri. Tuchange pia unga, mchele, dengu na mafuta ya kupikia kila mwezi kwa stoo iliyo karibu, ili mtu wetu akifika akute chakula anachojua kukipika.

Kwa wanaoendesha stoo na benki za chakula, ulizeni maswali machache, toeni nafasi nyingi. Kwenye kila kamati ya uongozi wawepo waliowahi kusimama upande wa pili wa meza. Halafu mtumie mnayoyaona: mnajua wiki gani posho ilichelewa na mtaa gani njaa imeongezeka. Yaandikeni mkawapelekee wabunge wetu, nasi tutakuja nanyi.

Kwa serikali, madai yetu ni matatu. Mwombaji hifadhi aruhusiwe kufanya kazi mapema. Wiki 5 za kusubiri posho zifutwe. Mshahara na posho vipimwe kwa bei halisi ya chakula na nyumba.

Ndugu Mwenyekiti, mwisho wa mwaka stoo zetu huandika ripoti, na ripoti husifu idadi ya makopo yaliyotoka. Mimi ningependa tuulizane kwanza hesabu nyingine: kati ya waliokuja kupokea mwaka juzi, wangapi leo wanashika funguo, na wangapi hawahitaji kurudi tena kwa sababu wana kazi yenye mshahara wa kutosha? Hesabu hiyo ikipanda, tutajua tunafanya kazi ya haki. Ikisimama palepale, makopo hata yakiwa milioni, bado tuna deni kwa jirani zetu, na deni hilo tuanze kulilipa wiki hii.